Edwin Hall, mwalimu aliyehangaika na sifuri isiyotulia

Nimepotea wiki mbili na ushee, na kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kafe ninayoandikia ndiyo iliyokufa. Leo nawaletea habari za mzungu mmoja niliyekutana naye wakati kafe iko kwenye moshi. Anaitwa Edwin Hall, alizaliwa 1855, akafa 1938. Kabla ya mwezi huu nilikuwa simjui hata kwa dawa.

Ilianza hivi. Kafe yetu ina inverta, lile dude la betri linalobeba kompyuta umeme ukikatika. Sasa likaanza tabia. Kila mchana, jua likiwa utosini, linajizima lenyewe. Taa nyekundu inawaka, kompyuta sita zinakufa kwa pamoja, na watu waliokuwa katikati ya kujaza fomu za vyuo wanapiga kelele kama wamefungwa goli dakika ya 90. Asubuhi hakuna tatizo, usiku hakuna tatizo. Akaitwa fundi (jina nahifadhi). Akafungua, akakuta kwenye bodi kuna njia nyembamba inayopeleka taarifa ya hitilafu kwenye ubongo wa inverta. Akaikata. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Dude likawaka, likakaa siku nzima bila kuzima, fundi akalipwa, sote tukamsifia.

Siku ya nne mtu akachomeka pasi. Ndiyo, pasi, kwenye laini ya kompyuta. Inverta haikujizima, maana tulikuwa tumeshaikata ulimi. Tukasikia mlio kama karanga zinakaangwa, halafu moshi. Mama mwenye kafe hakusema kitu, alikaa tu kwenye kiti cha plastiki akiangalia ukuta. Heri angetukana.

Nikiwa naokota mabaki nikaona kichipu kidogo cheusi chenye miguu 8. Nikaandika namba yake kwenye simu, nikasoma maelezo: ni kihisio cha mkondo wa umeme cha Hall. Sasa kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, hall ni ukumbi. Nikawaza, ukumbi gani tena jamani, wa harusi? Ikanichukua siku nzima kujua kwamba ni jina la mtu. Na nikishaanza kitu siachi, nikamfuatilia mpaka kaburini.

Edwin Herbert Hall alizaliwa tarehe 7 Novemba 1855 huko Gorham, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, upande wa kuelekea Kanada. Akasoma chuo cha Bowdoin, hukohuko Maine, akamaliza 1875. Alikuwa na miaka 19. Hakukimbilia maabara, alikwenda kufundisha. Mwaka mmoja akawa mkuu wa shule moja mjini Bethel, mwaka uliofuata akawa mkuu wa sekondari ya Brunswick. Mkuu wa shule wa miaka 20! Wenzetu bwana.

Mwaka 1877 akaacha ukuu akarudi kuwa mwanafunzi. Akaenda Baltimore, kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins ambacho wakati huo kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kifunguliwe. Profesa wa fizikia pale alikuwa Henry Rowland, naye bado kijana, hajafika hata miaka 30. Chuo kipya, profesa kijana, mwanafunzi aliyekwisha kusimama mbele ya darasa. Nadhani mahali pengine Hall angeambiwa kaa kimya usome.

Maana kilichomtokea ni kwamba alisoma kitabu na hakukubaliana nacho. Na si kitabu cha mtu wa hivi hivi. Kilikuwa kitabu kikubwa cha umeme na sumaku cha James Clerk Maxwell, kilichotoka 1873. Wale mliosoma fizikia mnajua Maxwell ni nani. Wale msiosoma, chukulieni kwamba redio, simu na hii waifai mnayotumia sasa hivi, hesabu zake zilianza na huyo mzee.

Swali lenyewe ni hili. Ukipitisha umeme kwenye waya ulio karibu na sumaku, waya unasukumwa. Ndivyo feni inavyozunguka. Sasa sumaku inasukuma nini hasa? Inausukuma waya, au inausukuma ule umeme unaopita ndani ya waya? Maxwell aliandika kwamba kinachosukumwa ni waya, na kwamba umeme ulio ndani, ukishatulia, unaendelea na njia yake kama vile sumaku haipo. Hall akaona haiingii akilini. Waya usio na umeme sumaku haiugusi kabisa. Na ukiongeza umeme, msukumo unaongezeka, hata kama waya ni uleule. Sasa kwa nini tuseme anayesukumwa ni waya? Muda si mrefu akasoma makala ya profesa mmoja wa Sweden, Erik Edlund, iliyokwenda kinyume na Maxwell. Akampelekea Rowland swali lake. Kumbe Rowland naye alikuwa na shaka hiyohiyo, na alikuwa ameshajaribu kupima bila kupata kitu.

Hapa nisimame kidogo. Mimi shuleni niliwahi kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye silabasi, nikaambiwa halitatoka kwenye mtihani. Basi, likafia hapo. Hall aliambiwa na profesa wake kwamba hata mimi nimejaribu nikashindwa, jaribu wewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa hivi. Aliwaza kwamba kama sumaku inausukuma umeme, basi umeme utabanwa upande mmoja wa waya, kama abiria wa daladala likikata kona kwa kasi, wote wanalalia upande mmoja. Na wakibanana upande mmoja, njia inakuwa nyembamba, kwa hiyo ukinzani wa waya utaongezeka. Akasokota waya wa ile aloi ya shaba, zinki na nikeli, akauweka katikati ya ncha za sumaku ya umeme yenye nguvu, akapima ukinzani sumaku ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Akarudia na kurudia. Hakupata tofauti ya kuaminika. Sifuri.

Wengi wetu tungeishia hapo, tungesema mzee Maxwell alikuwa sahihi, twendeni tukale. Hall akafikiri upya. Labda umeme unataka kusogea pembeni lakini hauna pa kwenda, kingo za waya zinauzuia. Kama ni hivyo, utabaki ukisukuma ukingo, na hapo ukipima kati ya ukingo mmoja na mwingine, kwa kukatisha, utakuta tofauti ndogo ya volti. Kwa hiyo akarudi kwenye jaribio ambalo Rowland alilishindwa, lakini akabadilisha kitu kimoja. Badala ya bati nene la metali, akatumia dhahabu. Ile karatasi ya dhahabu nyembamba kupita kiasi, ambayo ukiipumulia inaruka, akaibandika kwenye kioo. Leo tunajua kwa nini hilo lilimwokoa: kadiri kibamba kinavyokuwa chembamba, ndivyo ile volti ya pembeni inavyokuwa kubwa. Kwenye bati nene inakuwa ndogo kiasi kwamba kipimo hakioni kitu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo inverta yetu ilipolala.

Ili kupima volti ya kukatisha, unagusa ukingo wa kushoto kwa waya mmoja na ukingo wa kulia kwa waya mwingine, halafu unaunganisha na galvanomita. Shida ni kwamba lazima uguse sehemu mbili zinazotazamana sawasawa. Ukikosea hata upana wa unywele, moja ikawa mbele kidogo ya nyingine, galvanomita inaonyesha umeme hata kabla hujawasha sumaku. Kipimo kinasema kuna kitu na hakuna kitu. Shuleni tuliita kosa la sifuri. Rowland na Hall walikuwa wanagusagusa sehemu mbalimbali mpaka wapate mbili zinazokaribia kuwa sawa. Zinazokaribia tu. Sawasawa kabisa hazipatikani, mkono wa binadamu hauwezi, na hata ukiweza, joto likibadilika zinahama.

Hall akaikwepa shida hiyo kwa njia ambayo kila sonara wa zamani mwenye mizani ya mikono miwili angeielewa. Mizani yako ikiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, unafanyaje? Unapima dhahabu ikiwa kwenye sahani ya kushoto, halafu unahamishia sahani ya kulia unapima tena. Kosa linabadilisha upande, dhahabu haibadiliki. Hall hakuuliza kipimo kimesimama wapi. Aliuliza kinahama kiasi gani sumaku ikiwashwa, na kinahamia wapi sumaku ikigeuzwa. Lile kosa la sifuri linakaa palepale, maana halijali sumaku. Kile kinachogeuka pamoja na sumaku ndicho cha kweli.

Tarehe 28 Oktoba 1879 kipimo kilihama. Na kilibaki pale, si kile kishindo cha mara moja kinachotokea unapowasha sumaku halafu kinapotea. Akaigeuza sumaku, kikahamia upande wa pili. Alikuwa bado hajatimiza miaka 24. Zilibaki siku kumi.

Hakutangaza siku ileile. Akarudia kwa utulivu, akabadilisha nguvu ya sumaku na kiasi cha umeme, akaona volti ya pembeni inapanda na kushuka kwa kufuata vyote viwili. Makala yake ikatoka mwaka huohuo kwenye jarida la hisabati, American Journal of Mathematics, lililokuwa likichapishwa hapohapo chuoni. Mwaka 1880 akapewa udaktari wake. Kule Uingereza Sir William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliipima kazi hiyo sawa na kubwa za Faraday. Sifa si ndogo hizo.

Maxwell mwenyewe hakupata kujua. Alifariki Cambridge, Uingereza, tarehe 5 Novemba 1879, siku nane baada ya kile kipimo kuhama Baltimore. Alikuwa na miaka 48. Nimeifikiria sana tarehe hiyo. Wengine wanaandika kana kwamba Hall alimshinda Maxwell, mimi sioni hivyo. Sentensi moja kwenye kitabu kikubwa ilikuwa na kasoro, na kijana aliyekisoma kwa makini kuliko wengine ndiye aliyeiona. Natamani mzee angeisoma ile makala.

Kingine cha kushangaza ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua elektroni. J.J. Thomson aliigundua 1897, miaka 18 baadaye. Hall alikuwa anasukuma kitu pembeni bila kujua ni kitu gani! Na hata alipoendelea akakutana na fumbo. Alipoweka chuma mahali pa dhahabu, volti ikatokea upande wa kinyume. Yaani abiria wanalalia kulia kwenye daladala moja na kushoto kwenye jingine, na kona ni ileile. Hakuficha, aliliandika kama alivyoliona. Maelezo ya mambo ya namna hiyo yalikuja kwenye miaka ya 1920 na kuendelea, fizikia ya kwanta ilipoanza kuingia ndani ya metali, na Hall alikuwa ameshastaafu.

Mwaka 1881 alisafiri Ulaya, akafanya vipimo kwenye maabara ya Helmholtz kule Berlin, halafu akarudi kuanza kazi Harvard. Alikaa hapo maisha yote. Akawa profesa kamili 1895, akastaafu 1921. Alioa 1882.

Ukitazama haraka utasema alifanya jambo moja kubwa akiwa kijana halafu akatulia. Si kweli, ila alirudi kwenye kile alichoanza nacho, ualimu. Wakati huo Marekani mwanafunzi wa sekondari angeweza kusoma fizikia yote kwenye kitabu bila kugusa waya. Harvard ilipotaka wanaoomba kuingia wawe wamefanya majaribio kwa mikono yao, Hall ndiye aliyeandaa orodha ya majaribio yenyewe, 40 kwa idadi, ya vifaa ambavyo shule ya kawaida inaweza kumudu. Ilitoka kwenye miaka ya 1880, na ikawa mfano kwa shule nyingi kule kwao. Akaandika na vitabu vya shule, kimoja pamoja na mwalimu mwenzake Joseph Bergen. Mwaka 1937 chama cha walimu wa fizikia cha Marekani kikampa nishani yake, kwa ajili ya kufundisha.

Kwetu, darasa letu la watu 70 lilikuwa na galvanomita moja, na ilikuwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mwalimu aliyehamishwa. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba niliposoma habari za zile 40 nilizima kompyuta nikatoka nje kidogo.

Kuna kituko kimoja. Mwaka 1919 polisi wa Boston waligoma, mji ukawa hauna ulinzi. Profesa Hall, miaka 63, akajitolea kulinda mitaa. Fikiria umeshika jiwe unataka kuvunja dirisha la duka, unamulikwa na babu wa fizikia! Wapo watakaosema kwamba aliwavunja nguvu wagomaji, na nadhani wana hoja, maana wale polisi walikuwa wanadai haki zao na wote walifukuzwa. Sitaki kumfanya malaika.

Uzeeni alishughulika na uhusiano wa joto na umeme ndani ya metali. Kitabu chake cha mwisho kuhusu jinsi umeme unavyopita kwenye metali kilitoka 1938, na tarehe 20 Novemba mwaka huohuo akafariki huko Cambridge ya Massachusetts. Miaka 83. Transista ilikuwa bado miaka tisa. Mpaka anaingia kaburini, kile alichokigundua kilikuwa kitu cha maabara tu, hakuna aliyekiuza dukani.

Kisa ni kwamba dhahabu na shaba zina elektroni nyingi mno. Zikiwa nyingi kila moja inakwenda polepole, na volti ya pembeni inakuwa kiduchu. Ilibidi zije semikonda, zile metali nusunusu zenye elektroni chache zinazokimbia. Miaka ya 1950 wataalamu wa Siemens nchini Ujerumani walitengeneza vihisio vya kwanza vya maana kwa kutumia michanganyiko ya indiamu. Mwaka 1968 kampuni ya Micro Switch, iliyokuwa chini ya Honeywell, ikatoa kibodi ambayo kila kitufe kilikuwa na sumaku na chipu ya Hall. Wadau wa gemu mnaosifia leo kibodi na padi za Hall zisizochakaa, mjue ni wazo la zaidi ya miaka 50.

Turudi kwenye kichipu changu cha miguu 8. Ndani yake kuna kipande kinene cha shaba ambacho umeme mkubwa unapita. Kila umeme unapopita unazalisha sumaku yake kuzunguka njia yake. Pembeni tu, bila kugusana na shaba, kuna kibamba cha silikoni kidogo kuliko chembe ya mchanga. Huyo ndiye mrithi wa ile karatasi ya dhahabu. Kibamba kinapitisha umeme wake mdogo, sumaku ya ule umeme mkubwa inausukuma pembeni, volti inatokea, inakuzwa, inatoka kwenye mguu wa chipu. Ile inayopendwa sana na wanaojifunza elektroniki, ACS712 ya Allegro, kama hakuna umeme unaopita inatoa nusu ya volti inayolishwa. Ukiipa 5 inatoa 2.5. Halafu aina ya ampea 5 inaongeza milivolti 185 kwa kila ampea, ya ampea 20 inaongeza 100, ya ampea 30 inaongeza 66. Hiyo 2.5 ndiyo sifuri yake.

Na sifuri hiyo haitaki kutulia, kama ya Hall vilevile. Zile sehemu nne zinazogusa kibamba haziwezi kutazamana sawasawa hata kiwandani. Plastiki iliyofunika chipu inanyonya unyevu, inavimba, inaibana silikoni, na silikoni ikibanwa ukinzani wake unabadilika upande mmoja zaidi ya mwingine. Joto likipanda kila kitu kinajibana na kujiachia kivyake. Kwa hiyo saa 2 asubuhi sifuri iko hapa, saa 8 mchana imehamia pale. Na chipu haiwezi kujua kama iliyohama ni sifuri au ni umeme kweli.

Dawa yake, wadau, ni ya sonara. Chipu nyingi nzuri za leo zinapitisha umeme kwenye kibamba kutoka kaskazini kwenda kusini na kupima mashariki na magharibi, halafu zinazungusha robo mduara, umeme unapita mashariki na magharibi, wanapima kaskazini na kusini. Katika mzunguko huo kosa la sifuri linageuza alama yake, lililokuwa la kujumlisha linakuwa la kutoa, wakati volti ya kweli iliyoletwa na sumaku inabaki upande uleule. Ukijumlisha vipimo vyote viwili kosa linajila lenyewe. Hall aligeuza sumaku kwa mkono, chipu haiwezi kugeuza sumaku kwa sababu sumaku ndiyo kitu inachopima, basi inajigeuza yenyewe. Inafanya hivyo maelfu kwa maelfu ya mara kwa kila sekunde.

Yale machache yanayobaki yanashughulikiwa kwa njia nyingine. Zipo chipu zenye kipimajoto ndani na kumbukumbu ndogo yenye masahihisho yaliyoandikwa kiwandani: joto likiwa hivi, toa hiki. Nyingine zina vibamba viwili badala ya kimoja, vimewekwa pande mbili za njia ya shaba. Sumaku ya umeme wako inapita kimoja kwenda juu na kingine kwenda chini, lakini sumaku ya nje, tuseme spika au transfoma ya jirani, inapita vyote viwili kwa mwelekeo mmoja. Ukitoa kimoja kwa kingine, ya jirani inafutika.

Sasa hitilafu. Kwenye bodi kuna kilinganishi kinachoangalia volti inayotoka kwenye kihisio na kuilinganisha na kikomo kilichowekwa. Umeme ukizidi kikomo, taarifa inapelekwa kwenye ubongo wa mashine: zima. Chipu nyingine zina kilinganishi ndani kabisa na mguu maalumu wa hitilafu. ACS711, ndugu wa ile ya juu, ni mfano. Mguu huo ukishashuka unajifunga, unabaki chini mpaka ukate umeme wa chipu yenyewe, ili mashine isijiwashe tena kwenye moto uleule. Inachukua mikrosekunde chache tu. Transista za nguvu zinaweza kuungua kabla hujamaliza kupepesa jicho, kwa hiyo muda huo si anasa.

Unganisheni wenyewe. Fundi wa pili, dada mmoja anayesoma chuo cha ufundi, alikipima kile kichipu kilichosalimika kikiwa hakina mzigo wowote. Kikiwa cha baridi kilikuwa kwenye 2.5 safi. Akakipulizia kikausha nywele, sifuri ikaanza kupanda. Ni cha bei rahisi, cha aina isiyojizungusha. Kwa hiyo kila mchana kilikuwa kinaona ampea ambazo hazipo, zinajumlishwa juu ya zile za kompyuta, kikomo kinavukwa, dude linazima. Tatizo lilikuwa sifuri. Sisi tukaenda kukata njia ya hitilafu, ambayo ilikuwa nzima na inafanya kazi yake, na siku hitilafu ya kweli ilipokuja na pasi yake haikuwa na mdomo.

Nilimweleza mama yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza bodi mpya ni bei gani. Nimekubali kufanya kazi zamu za jioni mpaka mwezi wa pili ili tusaidiane. Kihisio tumechagua cha kujizungusha, na dada wa chuo kasema nipime sifuri yake mara tatu kwa siku kwa wiki nzima kabla hatujaunganisha mzigo. Leo ni siku ya tatu. Asubuhi 2.50, saa 8 mchana 2.50, na feni nimeizima makusudi.

Kama kuna mdau ana inverta nyumbani au pikipiki ya umeme inayojizima juani, asiruhusu mtu akate chochote kwanza. Apime kikiwa baridi na kikiwa moto, bila mzigo, aniandikie hapo chini amepata ngapi na ngapi. Maoni ruksa.